Jibu: Gesi ya Ulaya inaingiaje kwenye bei ya unga wetu?

Mkuu, umeuliza inakuwaje gesi ipande Ulaya halafu unga upande Nairobi. Kiungo ni mbolea. Yurea, aina ya mbolea inayotumika sana, hutokana na kemikali iitwayo amonia, na amonia hutengenezwa kwa gesi asilia. Gesi ni malighafi yenyewe, si nishati ya kiwanda tu. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine na gesi ikapaa, viwanda kadhaa vya mbolea Ulaya vilipunguza uzalishaji au kusimama kabisa. Na Urusi yenyewe ni muuzaji mkubwa wa mbolea duniani.

Kenya, mwaka huo huo mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 kabla ya ruzuku kuushusha hadi 3,500. Dizeli nayo inambana mkulima kuanzia trekta hadi lori la mavuno.

Kinachonitia hofu hasa ni kwamba madhara huchelewa. Mtu akipanda bila mbolea leo, sokoni hakuonekani kitu. Pengo linakuja baada ya mavuno, wakati viongozi wameshahamia mambo mengine. Ruzuku inayofika mvua zikiwa zimeshaanza haimsaidii aliyekwisha kupanda. Ukitaka kujua hali ya chakula mwakani, angalia bei ya mbolea kabla ya msimu.