Paka wa Bibi na Sahani ya Ugali: Namna ya Kubadilisha Chakula Bila Kumvunjia Mzee Heshima

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako kwa makini kwa sababu linafanana sana na hali niliyoikuta nyumbani kwa shangazi yangu huko Ngamiani, Tanga. Unasema bibi yako mzaa mama ana paka wawili anaowalisha ugali uliolowekwa kwenye maziwa na mchuzi uliobaki. Mmoja amenenepa hadi anapanda kiti kwa shida, mwingine amekonda na manyoya yake yanapukutika. Na kila ukimweleza bibi kuwa chakula hicho hakifai, ananuna na kukukumbusha kwamba alianza kufuga paka kabla mama yako hajazaliwa.

Kwanza ukubali jambo ambalo sisi wajukuu tunalipita haraka: bibi yako hasemi uongo. Paka wa zamani waliishi kweli katika nyumba zilizowapa ugali na makoko, nao wakazaa na kuzeeka. Ila chakula chao kikuu hakikutoka jikoni. Walishinda kwenye ghala la mahindi, darini na vichakani, wakila panya, mijusi, panzi na wakati mwingine vifaranga vya watu, na ule ugali ulikuwa wa kuwafanya wasihame nyumba. Panya mmoja mzima ni mlo kamili kwa paka, kwa kuwa ndani yake mna nyama, moyo, ini, mifupa midogo na maji kwa pamoja. Leo nyumba ina sakafu ya saruji na nyavu madirishani, mahindi yanaingia yakiwa unga, panya wachache waliobaki huenda wamekula sumu ya jirani, na paka analala ndani mchana kutwa. Ugali umebaki, panya ameondoka. Nilipomweleza shangazi kwa njia hiyo alinisikiliza hadi mwisho, kwa sababu maneno hayo hayakumfanya mjinga. Yalikiri kuwa alichokiona kwa macho yake ni kweli, kisha yakaonyesha kilichobadilika tangu wakati huo.

Wewe mwenyewe ni vizuri uijue sababu ya kitaalamu, hata kama hutaitaja mbele ya bibi. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Mwili wake hauwezi kujitengenezea kiasi cha kutosha cha kirutubisho kiitwacho taurini, nayo hupatikana zaidi katika nyama na samaki, hasa katika moyo na nyama nyeusi kama ile ya paja la kuku. Akiikosa kwa muda mrefu, macho hupoteza nuru na moyo hutanuka na kulegea. Vilevile hawezi kuigeuza rangi ya karoti au boga kuwa vitamini A kama sisi tunavyoweza, kwa hiyo ni lazima aipate tayari kutoka kwa mnyama. Hata wataalamu walichelewa kuyajua haya. Ilikuwa mwaka 1987 ndipo mtafiti Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipoonyesha kuwa ugonjwa wa kutanuka moyo uliokuwa ukiua paka ulitokana na upungufu wa taurini, na baadhi ya paka hao walikuwa wakila vyakula vya viwandani vilivyodhaniwa kuwa havina kasoro. Baada ya hapo watengenezaji waliongeza taurini katika vyakula vyao. Ikiwa viwanda vyenye maabara viliweza kukosea, sioni kwa nini tumkunjie uso bibi aliyeko jikoni na sufuria moja.

Sasa nifike kwenye jibu lenyewe. Kwa uzoefu wangu, chakula cha paka wa mzee hakibadiliki kwa kumfundisha mzee. Kinabadilika kwa kubadilisha kile kinachoingia jikoni kwake. Shangazi hakuwalisha paka ugali kwa imani yoyote juu ya ugali. Aliwalisha kilichokuwepo, na kilichokuwepo kilitegemea nani ameenda sokoni na ameleta nini. Nilipoanza kumpelekea samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea, Tanga, nilijitahidi kuchukua wenye vichwa, na kwa wapara samaki niliomba vichwa vya ziada na mapande ya mkiani yasiyopendwa na wateja. Sikusema kuwa ni vya paka. Nilisema, “Shangazi, nimeletewa na vichwa, ukiona vinakufaa.” Jioni ile ile paka wake walikula samaki, na aliyewapa ni yeye. Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko unavyodhani. Mzee ambaye watoto wametawanyika na sauti yake nyumbani imepungua bado ana viumbe wanaomfuata kila anapoinuka, na mtu akija kumnyang'anya sahani ya kuwalishia amemnyang'anya kikubwa zaidi ya sahani.

Kwa hiyo anza kwa kuongeza, usianze kwa kuondoa. Ugali uache uwepo. Wiki ya kwanza uchanganywe na samaki aliyenyambuliwa na kutolewa miiba. Baadaye samaki azidi na ugali upungue, hadi ubaki donge dogo la kumridhisha bibi. Mabadiliko ya taratibu, kwa siku saba hadi kumi, yanalifaa pia tumbo la paka, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla humletea kuhara, na akiharisha kwenye mkeka siku ya pili, hoja yako imekufa.

Kuhusu dagaa nina neno refu kidogo, kwa sababu ndiyo kitoweo kinachopatikana kila mahali na kwa bei ambayo haimshtui mtu. Dagaa mzima ana faida ya kuliwa na mifupa yake, na hapo paka anapata kalsiamu ambayo nyama tupu haina. Lakini dagaa wa baharini wa huku pwani mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hiyo ni nyingi kwa paka. Dagaa wa Mwanza huanikwa bila chumvi, ingawa huja na mchanga, kwa hiyo waoshwe vizuri kisha wachemshwe. Shangazi ana presha na daktari alikwisha kumwambia apunguze chumvi, basi nilipomletea dagaa wa Mwanza sikuwa na haja ya kumtaja paka hata kidogo: walikuwa dagaa wake, kwa afya yake, na paka wakafaidika pembeni. Tafuta kama kwa bibi yako kuna njia ya namna hiyo. Mara nyingi kinachomfaa mzee, yaani chumvi kidogo, mafuta kidogo na supu zaidi, hakimdhuru paka, na mzee hawezi kukasirika kwa kujaliwa yeye mwenyewe.

Mchuzi uliobaki ndio ningeushughulikia mapema kuliko maziwa. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi au vimepikwa, na mchuzi wetu hauungwi bila hivyo. Njia rahisi ni kumwomba bibi atoe fungu la paka kabla hajaunga. Kama samaki au kuku anachemshwa kwanza, kipande na supu yake kidogo vitengwe hapo, kabla ya chumvi na viungo, kisha mapishi yaendelee. Supu yenyewe isimwagwe, kwa kuwa taurini huyeyuka katika maji na sehemu yake hubaki mle. Siku za kuku, moyo na firigisi ni bora kwa paka. Ini nalo ni zuri kwa kiasi kidogo mara moja kwa wiki, lakini likiwa chakula cha kila siku humletea vitamini A kupita kiasi na kumkakamaza shingo na mgongo. Mifupa ya kuku aliyepikwa asipewe kabisa, maana hupasuka vipande vyenye ncha.

Maziwa yana ugumu wake kwa sababu ni mapenzi yaliyo ndani ya kibakuli. Paka wengi wakishakua hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, ndiyo maana wengine huharisha, lakini kumwambia bibi kuwa maziwa ni sumu si kweli na hatakuamini. Shangazi aliwapa paka maziwa kila alasiri wakati akinywa chai, nami sikuuvunja utaratibu ule. Niliomba tu kwamba siku zenye supu ya vichwa vya samaki wapewe supu hiyo ya vuguvugu katika kibakuli kile kile na saa ile ile. Paka waliichangamkia kuliko maziwa, naye akaona mwenyewe. Siku hizi maziwa ni vijiko viwili vitatu vya hapa na pale, na mimi sisemi kitu.

Kama bibi yako ni Mwislamu kama shangazi, jihadhari na hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ale wadudu wa ardhini. Ni hadithi sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, lakini binamu yangu aliitoa mbele ya shangazi na kwa muda mrefu hawakuelewana, kwa haki kabisa: mwanamke yule alimnyima paka chakula, ilhali shangazi anawalisha hadi wanalemewa. Ukitaka mazungumzo ya dini, anza na Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyeinamisha chombo cha maji ili paka anywe, akasema kuwa Mtume amesema paka si najisi na ni katika wanaowazungukia majumbani. Mzee akishaanza kusimulia anayoyajua kuhusu paka, nafasi ya kumuuliza wamekula nini leo inapatikana bila kuitafuta.

Kwa yule aliyenenepa, usimshauri bibi amnyime chakula. Paka mnene akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta huweza kujaa katika ini lake na akafa. Apunguziwe kidogo kidogo, hasa wanga. Chunguza pia kama bibi hasahau kwamba ameshawalisha. Kwa shangazi tuliligundua hilo kwa kuona sahani mbili za asubuhi. Hatukulitaja kama tatizo la kumbukumbu, maana neno hilo linamuumiza mzee kuliko ugonjwa. Tuliweka kopo lenye kifuniko ambalo mjukuu analijaza chakula cha siku nzima kila asubuhi, na kila paka wanapolia shangazi anatoa humo. Kopo likiisha, siku yao imekwisha. Anaweza kuwapa mara nyingi apendavyo, kidogo kidogo, na hilo ndilo analolipenda.

Chakula cha dukani sikikatai. Kile kilichotengenezwa kwa ajili ya paka kina taurini na madini yaliyopimwa, na kwa mzee asiyeweza tena kupika au asiye na friji ndicho chenye unafuu, mradi kihifadhiwe kwenye kopo lisilopitisha unyevu wala sisimizi, na maji safi yawepo kila wakati kwa sababu chakula kikavu kina maji kama asilimia kumi tu. Cha mbwa hakifai kuwa mbadala wake. Lakini fikiri kabla ya kumpelekea bibi mfuko wa kilo kadhaa wenye picha ya paka wa kizungu. Ikiwa yeye mwenyewe anahesabu shilingi ya kitoweo, na jirani akauona mfuko ule barazani, umemtia aibu ya bure. Mimi sikumpelekea shangazi chochote cha paka bila kumpelekea na chake yeye, na chake kilikuwa kikubwa zaidi.

Wako pia wazee ambao hawatapokea kwako wewe hata ukiwa na adabu zote, kwa kuwa wewe ni mtoto na utabaki mtoto. Baba yangu mkubwa, mvuvi mstaafu wa Pangani, aliwapa paka wake dagaa wabichi tu, akiamini kupika ni kuharibu. Baadhi ya samaki wabichi, wakiwemo wa jamii ya dagaa, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayewala kila siku bila kingine huweza kuanza kuyumba na kuinamisha kichwa; kuchemsha hukiondoa kimeng'enya hicho. Bwana mifugo alipokuja mtaani kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo paka nao huchanjwa, nilimweleza habari hiyo kando. Akamwamkia mzee, akawasifu paka wake, kisha akauliza kwa upole kama samaki wanachemshwa. Kutoka kwake ilikuwa kauli ya serikali. Sasa baba mkubwa anawachemshia, na anawashauri majirani kama vile aliligundua yeye.

Nimeacha kwa makusudi paka wako aliyekonda, kwa kuwa huyo hangoji diplomasia. Kukonda na kupukutika manyoya kunaweza kuwa chakula, lakini pia kunaweza kuwa minyoo, meno mabovu au figo, na samaki peke yake hatayaponya hayo. Mwombe bibi ruhusa ya kumpeleka kwa daktari wa mifugo wiki hii, na ikiwezekana uende na bibi mwenyewe, maana ndiye anayejua paka alianza lini kubadilika. Na ukiona paka dume anachuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka, mpeleke saa hiyo hiyo na ruhusa uiombe ukiwa njiani, kwa sababu njia ya mkojo ikiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ukirudi hapa tuandikie umri wa paka wote wawili, kama wamehasiwa, na kama yule aliyekonda anakunywa maji kuliko zamani. Hayo matatu yatatusaidia kukujibu vizuri zaidi.