Kabla ya kuuliza utafikaje Mykonos, hesabu utarudije

Ndugu yangu, nimeisoma ratiba yako mara mbili na nimeshindwa kunyamaza. Wewe, mkeo na watoto wawili, wiki ya kwanza ya Agosti, yoti ya tanga ya kukodi kutoka bandari ya Alimos pale Athens, Ugiriki, kisha visiwa vya Kythnos, Paros na Mykonos, na kurudi Athens Ijumaa jioni. Umeuliza kama yoti ya mita 12 inatosha, chakula kipikwe vipi, watoto walale wapi, na kama siku 7 zinatosha. Ratiba hiyo ndiyo tuliyoanza nayo mimi na familia yangu, mwezi huohuo, na sisi hatukufika hata Mykonos. Tuliiacha yoti Paros, tukarudi Athens kwa meli ya abiria huku mwanangu ameshonwa kidevu. Usiende.

Kuna upepo unaoitwa meltemi. Ni upepo wa kaskazini unaovuma katika Bahari ya Aegean wakati wa kiangazi, na nguvu yake hukolea Julai na Agosti, wakati uleule shule za Ulaya zinapofungwa na sisi wenye watoto tunapopata nafasi ya kusafiri. Hewa nzito iliyo juu ya Balkani hukimbilia hewa nyepesi iliyopashwa joto juu ya Uturuki, na visiwa vya Cyclades, kundi lenye Kythnos, Paros na Mykonos, vimekaa katikati ya njia hiyo. Mara nyingi huvuma kwa daraja la 5 au la 6 katika kipimo cha Beaufort, hupanda hadi la 7, na mara nyingine la 8, na unaweza kudumu siku kadhaa mfululizo bila kulala hata usiku. Daraja la 7 ni kilomita 50 hadi 61 kwa saa. Kule nyumbani Tanzania Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza tahadhari kwa upepo wa kilomita 40 kwa saa, na mwenye ngalawa akilisikia tangazo hilo huiacha pwani.

Jambo linalowadanganya watu ni kwamba meltemi hauji na wingu. Mimi nimekulia Mkoani, Pemba, na nilifundishwa na wazee kuitazama mbingu kabla ya kufungua kamba. Mbingu ya Aegean siku ile ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, na bahari chini yake ilikuwa nyeupe kwa povu.

Sasa nikueleze kosa lenyewe, maana ndilo lililonigharimu. Tulitoka Alimos Jumapili asubuhi, tukalala Sounion chini ya hekalu la Poseidon, Jumatatu tukafika Kythnos, na Jumanne tukashuka hadi Naoussa, kaskazini mwa Paros. Siku zote tatu upepo ulikuwa wa wastani na tuliupokea ubavuni au shetrini. Watoto waliimba, mke wangu alikaanga mayai tukiwa safarini, nami nilijiona nahodha. Hakuna hata mara moja katika siku hizo nilipokaa nikajiuliza: kila maili ninayoshuka na upepo, nitaipandaje? Kutoka Athens kwenda Paros ni kuelekea kusini-mashariki. Kurudi ni kuelekea kaskazini-magharibi, usoni mwa upepo ule ule. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kule upepo unakotoka. Hubisha, huenda mshazari upande huu kisha upande ule, kwa nyuzi kama 45, kwa hiyo upepo ukiwa usoni kabisa, maili 80 za ramani huwa zaidi ya 110 za kweli, na hapo sijahesabu wimbi linalokurudisha nyuma. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kuipeleka katika ramani.

Jumanne usiku meltemi uliamka. Jumatano hatukuthubutu kutoka. Alhamisi alfajiri niliona kwamba nisipoanza kupanda siku hiyo nitachelewa kuirudisha yoti, nikapunguza matanga, nikawavisha watoto majaketi ya kujiokolea, nikawafunga kwa mikanda, tukatoka kuelekea Syros. Baada ya saa nne tulikuwa tumesogea maili 7. Mtambo uliwashwa pia, lakini kila wimbi liliisimamisha yoti kama mtu aliyesukumwa kifuani. Binti yangu wa miaka sita alichafukwa na roho mpaka akawa hana cha kutapika. Mwanangu wa miaka minane aliomba maji, mama yake akamfungulia mkanda kwa dakika moja ili ashuke ndani, yoti ikapigwa, naye akaangukia ngazi kwa kidevu. Damu ilikuwa nyingi. Niligeuza omo, na njia iliyotuchukua saa nne kuipanda tuliishuka kwa muda usiofika saa moja na nusu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyekuwa amenieleza.

Atakayesema kwamba Mpemba hapaswi kushindwa na bahari, nitamkabidhi usukani na watoto wangu wawili, kisha namsubiri gatini na kahawa yake tayari.

Aliyenieleza kinyume alikuwa wakala aliyenikodishia. Nilimwandikia mapema, nikamwambia nina watoto wadogo, nikauliza waziwazi kuhusu upepo wa Agosti. Akajibu kwamba Agosti ni mwezi wa jua na upepo mwanana, akaniletea ramani yenye mstari mzuri wa nukta uliozunguka Kythnos, Paros, Mykonos, Kea na kurudi Athens, huku kipande cha kurudi kimechorwa kwa urefu uleule na wepesi uleule wa kipande cha kwenda. Mtu yule anaishi kando ya bahari ile. Anajua kwamba vijana wa mbao za tanga hupanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kwenye mlango wa bahari kati ya Paros na Naxos kwa sababu ya upepo huohuo aliouita mwanana. Alinyamaza kwa sababu yoti ilikuwa haijapata mteja wiki ile, na hadi leo nikiikumbuka ile ramani mwili hunichemka. Mwisho wa yote, faini ya kuchelewesha, malipo ya nahodha wa kuirudisha yoti na nauli za meli vilinitoa euro 3,100 juu ya kodi ya wiki nzima.

Wazee wetu wa majahazi walilijua jambo hili kuliko wakala yeyote. Majahazi ya Maskati na ya Ghuba yalishuka kwetu kwa kaskazi na kupanda kwa kusi, na nahodha alikaa Unguja au Mombasa miezi akisubiri upepo ugeuke, wala hakuna aliyemwona mwoga. Wewe huna miezi ya kusubiri, una Ijumaa jioni, na Agosti katika Aegean haina kusi ya kukurudisha.

Kwa hiyo fuata hesabu moja: kabla ya kuamua uende wapi, chora njia ya kurudi kana kwamba upepo ni wa daraja la 7 na unatoka kule unakotaka kurudi. Ukiona huwezi kuimaliza kwa siku mbili pamoja na watoto, kisiwa hicho si chako mwaka huu. Mykonos iko zaidi ya maili 80 za baharini kutoka Alimos. Hesabu imekwisha.

Badala yake baki Ghuba ya Saronic: Aegina, Poros, Hydra, Spetses. Meltemi hufika huko pia, lakini bara la Attica, yaani nchi kavu yenye Athens, huupunguza makali, na kutoka kisiwa hadi kisiwa ni mwendo wa saa chache tu, kiasi kwamba ukilazimika kurudi kwa bisho bado utafika. Hydra haina magari, mizigo hubebwa na punda na nyumbu, na watoto wako watazungumzia hilo kuliko baa zote za Mykonos. Au kodi upande wa magharibi, Bahari ya Ionian, kuanzia Lefkada hadi Ithaca na Kefalonia, ambako kwa kawaida upepo wa kiangazi huamka mchana na kulala jioni.

Kama umeshalipa amana, mwandikie wakala leo kwamba unabadilisha njia; yoti ni ileile na gati ni lilelile. Jumapili asubuhi ukitoka Alimos elekeza omo kusini-magharibi. Aegina iko maili kama 16, na mchana mtakuwa mmeshafunga kamba, watoto wanabangua pistachio za kisiwa.