Mota ya kv 3500 kwenye lori la rimoti la 1/10 (sehemu ya kumi ya ukubwa halisi): betri ya seli 2 au 3?

Seli 2 zinatosha kabisa. Kv 3500 maana yake mizunguko 3500 kwa dakika kwa kila volti 1, bila mzigo. Lipo (betri ya lithiamu polima) ya seli 2 ina volti 7.4, hapo tayari una karibu mizunguko 26,000 kwa dakika. Seli 3 zinaipeleka karibu 39,000, na kwenye uwanja wa vumbi tairi za nyuma zinachimba tu bila kushika. Nilijaribu mwenyewe: dakika 4 tu, mota ina moto hadi haishikiki kwa mkono. Ukizitaka kweli seli 3, anza kwa kufunga pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) yenye meno machache, na hakikisha kidhibiti mwendo chako kinaruhusu 3S (betri ya seli 3). Seli yoyote isishuke chini ya volti 3, inaweza kuharibika na kuvimba.