Jibu: Dawa ya saratani inayoamshwa na mwanga imefikia wapi?

Ndugu wa Goma, umeuliza kama dawa hii inaweza kumponya mdogo wako mwenye ualbino, ambaye kidonda chake cha sikioni kimekataa kufunga, na kama kweli imeboreshwa. Mimi ni muuguzi wa ngozi hapa Bukavu. Tiba hiyo niliiona nilipokuwa mafunzoni Liège, Ubelgiji.

Mzee mmoja alipakwa krimu juu ya madoa ya kichwani, akafunikwa kwa muda wa saa tatu, kisha taa nyekundu ikawashwa dakika chache. Seli zilizoharibika hugeuza krimu ile kuwa porfirini, kemikali inayoamshwa na mwanga. Porfirini ikipigwa na mwanga huichokoza oksijeni iliyo karibu, na oksijeni hiyo ndiyo inayoua seli. Ilimuuma sana mzee wa watu, tukawa tunampulizia hewa baridi muda wote.

Vinatakiwa basi vitu vitatu kwa wakati mmoja: dawa, mwanga na oksijeni. Photofrin, dawa ya aina hii iliyoruhusiwa Kanada mwaka 1993, humlazimu mgonjwa kukwepa jua siku 30 au zaidi, na mwanga wake wa nanomita 630 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) huzama milimita chache tu. Padeliporfini, dawa mpya zaidi iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2017 kwa saratani ya tezi dume, huamshwa na mwanga wa nanomita 753, unaozama zaidi, na hutoka mwilini ndani ya saa chache. Hayo ni maendeleo ya kweli.

Oksijeni ndiyo ngumu, na wengi huisahau. Uvimbe mkubwa una mishipa mibovu, damu haifiki vizuri katikati. Ukiwasha taa kali mno, oksijeni inaisha upesi kuliko damu inavyoileta, kazi inakwama. Kwa hiyo kuna wanaopunguza ukali wa taa, na wanaoizima kwa vipindi ili damu ilete nyingine. Wengine wanatafiti dawa zenye madini ya ruteni, ili zifanye kazi hata oksijeni ikiwa haba.

Kwetu huku, ambako umeme hukatika bila taarifa, kinachonipa moyo kuliko vyote ni taa ndogo za LED za betri zilizojaribiwa India kwa saratani ya mdomo iliyo changa. Hizo ningependa kuziona Kivu.

Sasa mdogo wako. Kabla ya lolote, kipande cha kidonda kikatwe kipimwe. Saratani ikiwa bado juu juu ya ngozi, tiba ya mwanga inaweza kufaa. Ikiwa imeshaingia ndani, mpeleke kwa daktari wa upasuaji, maana mwanga hautaifikia. Akija mtu na taa nyekundu tupu, isiyo na dawa, mkatalie: haiui saratani. Na mpapase shingoni, chini ya sikio lile. Ukikuta tezi imevimba, mwone daktari siku hiyo hiyo, msingoje majibu ya kipimo.