Québec na mama mwenye maumivu ya magoti

Umeuliza mpange vipi ziara ya mji wa Québec, Kanada, na mama mwenye maumivu ya magoti. Siku mbili zinawatosha, ndugu. Kinachowasumbua hapo ni mlima: mji una sehemu ya juu na ya chini.

Siku ya kwanza bakini juu. Muone ngome ya Citadelle (bado ni kambi ya jeshi, fuateni mwongozaji), halafu uwanda wa Abraham, Waingereza walipowashinda Wafaransa mwaka 1759. Jumba la sanaa liko humohumo.

Siku ya pili shukeni kwa funikula (kibehewa kinachovutwa kwa kebo mlimani) hadi uwanja wa Place Royale, Mfaransa Champlain alipouanzisha mji mwaka 1608. Jumba la makumbusho la Musée de la civilisation ni jirani. Zile ngazi za Casse-Cou achaneni nazo. Jina lenyewe ni "vunja shingo"!

Magoti yakiwa yamevimba, amwone daktari kabla ya safari.