China haikui sawasawa: nilivyoiona kupitia mikoba ya Kariakoo

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama China yote inakua kwa kasi ile tunayoisikia, na kama ni kweli viwanda vinahama pwani kwenda mikoa ya ndani, ili ujue mzigo ukautafute wapi. Mimi si mchumi. Nauza mikoba ya kina mama Kariakoo, na Guangzhou nimeanza kwenda 2009. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Kule kila mji umeshikilia kitu chake. Taa nenda Guzhen, vigae na fanicha Foshan, midoli Chenghai, soksi Datang, vitambaa Keqiao. Vifaa vya simu ni Huaqiangbei, pale Shenzhen. Yiwu wazee wao walikuwa wachuuzi wa kuzunguka vijijini, wanatoa sukari wanachukua manyoya ya kuku. Leo soko lake lina maduka zaidi ya 70,000. Mimi changu kipo Shiling, wilaya ya Huadu, nje kidogo ya Guangzhou, mji wa ngozi na mikoba. Mtaa huu zipu tupu, mtaa wa pili vifungo, wa tatu bitana.

Sasa nikupe kisa. Desemba 2010 nililipa advansi kwa karakana moja ya Shiling, mzigo wa Pasaka. Bosi akaniahidi mwisho wa Februari unapanda meli. Mwaka Mpya wao ukaingia, mafundi wakarudi makwao Hunan na Guizhou, majimbo ya ndani, karakana ikafungwa. Kufungua, cherehani nyingi hazina watu. Mzigo umefika Dar Mei, Pasaka imeshapita, na mikoba ile nikaitoa kwa bei ya hasara. Nilimwona bosi tapeli. Kumbe naye alikuwa kashikwa pabaya: mafundi wake walikuwa wamepata kazi karibu na kwao, mshahara mdogo kidogo lakini jioni wanalala nyumbani na watoto.

Mwaka uliofuata akahamishia ushonaji Hunan, nje ya mji wa Hengyang. Alinipeleka kuona, treni ya kasi, safari kama ya saa mbili hivi. Nikakuta kina mama wanashona, saa ya shule kutoka mmoja anaacha cherehani, anamfuata mtoto, anarudi naye na kumkalisha pembeni aandike kazi za shule. Zamani mama yule angemwacha mtoto kwa bibi na kuonana naye mara moja kwa mwaka, maana kwa utaratibu wao wa usajili wa makazi, hukou, mtoto wa kijijini kupata shule ya serikali mjini ni kazi.

Lakini siku hiyohiyo pakatokea jambo. Vifungo vilivyoletwa vilikuwa vya dhahabu, mimi niliagiza vya fedha. Shiling ningevuka barabara tu. Hengyang tulisubiri lori siku mbili. Ndiyo maana nasema ushonaji umehama, ila soko la vifaa, wachora sampuli na wapokea oda wamebaki palepale Guangzhou.

Na huko kuhama si ajali. Mwaka 2008 wakubwa wa Guangdong, jimbo lenye Guangzhou na Shenzhen, walitangaza sera ya kufungua tundu: ndege wa zamani watoke, waingie wapya. Ndege wa zamani ndio sisi wa viatu na mikoba. Kampuni ya Foxconn nayo mwaka 2010 ilifungua kiwanda kikubwa Zhengzhou, jimbo la Henan, cha kuunganisha simu za iPhone, kulekule wafanyakazi wanakotoka.

Ila usidhani kibali cha serikali peke yake kinatosha. Mwaka 1980 zilifunguliwa kanda maalumu nne za kiuchumi: Shenzhen, Zhuhai, Shantou na Xiamen. Shenzhen imepakana na Hong Kong, mitaji ikamiminika. Shantou ilipewa ruhusa ileile na leo haiisogelei. Ndani ya Guangdong kwenyewe, jimbo lenye pato kubwa kuliko yote, miji tisa ya delta ya mto Zhujiang (Pearl) inatoa karibu asilimia 80 ya pato la jimbo zima. Ukitoka nje ya delta unakutana na vijiji vya wazee na wajukuu.

Guizhou wamejenga madaraja hadi unashangaa, na madeni nayo yamepanda vilevile. Kaskazini mashariki sijafika, sina mzigo wa kufuata huko. Enzi za Mao ndiko kulikuwa na viwanda vizito vya serikali; mwisho wa miaka ya 1990 watu wakapunguzwa kazi kwa mamilioni. Halafu Januari 2017 gavana wa Liaoning, jimbo la hukohuko, akakiri hadharani kwamba takwimu za mapato ya jimbo zilipikwa miaka kadhaa. Kwa hiyo asilimia za ukuaji za jimbo mojamoja mimi nazisoma huku nimekunja uso.

Wewe uliyesema unatafuta mabegi ya shule: anzia Shiling, usikimbilie Hunan kwa sababu umeambiwa ni rahisi. Muulize bosi begi linashonewa wapi, na mwaka huu baada ya sikukuu mafundi wangapi walirudi. Akianza kukuzungusha, advansi ibaki mfukoni.