Eksosomu au virusi?

SWALI: Nasikia seli zenye VVU hutoa vifuko vidogo viitwavyo eksosomu. Vina madhara gani, na maabara huvitofautishaje na virusi?

JIBU: Hubeba protini ya virusi iitwayo Nef, ambayo yaweza kuifanya seli ya CD4 (seli ya kinga) isiyoambukizwa ijiue. Kuvitenganisha ndiko kwenye kazi: eksosomu ina nanomita 30 hadi 150, kirusi kama 100 hadi 120. Ukizungusha sampuli kwenye mashine kwa 100,000 g (mara 100,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia), vyote hutuama pamoja, na hapo ndipo matokeo mengi huharibika. Panga matabaka ya iodiksanoli (kimiminika kizito cha kutenganisha chembe), asilimia 6 juu hadi 18 chini, kisha zungusha: eksosomu hubaki juu, virusi hushuka. Pima p24, protini ya kiini cha kirusi, kila tabaka. CD45, protini ya juu ya seli nyeupe za damu, nayo husaidia. Eksosomu za seli T huwa nayo, virusi haviibebi.